Dumuzi wa Betri: Jinsi Akiba ya Umeme Inavyotunzwa na Inavyoharibika Nyumbani

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mkulima aliyepata kufungua ghala lake na kukuta mahindi yamegeuzwa unga na dumuzi anajua kwamba msemo huo una sharti lisilotajwa: akiba haiozi ikitunzwa. Ndivyo ilivyo kwa umeme pia. Nyumba nyingi za mijini, na siku hizi hata za vijijini, zina kisanduku kilichowekwa chini ya meza au pembeni mwa sebule ili kuendesha taa, televisheni na kompyuta pindi umeme unapokatika. Ndani yake mna betri, na betri ni ghala. Wenye nyumba hulinunua ghala hilo kwa fedha nyingi. Kisha, baada ya mwaka mmoja au miwili, husema kwamba betri imekufa, wakamlaumu muuzaji. Pengine muuzaji anastahili lawama. Lakini mara nyingi betri imeuawa nyumbani, pole pole, na watu wasiojua kwamba wanaiua.

Makala haya yanaeleza jinsi umeme wa akiba unavyofanya kazi, adui anayeula, na hesabu ambayo kila familia yapasa kuifanya kabla ya kwenda dukani. Elimu inayotakiwa haizidi ile ya fizikia na kemia ya kidato cha nne.

Kwa nini akiba inahitajika

Umeme wa gridi una tabia moja ya ajabu: huzalishwa wakati ule ule unapotumika. Uzalishaji ukipungua, au njia ikikatika, mtumiaji hujua papo hapo. Watanzania wengi wanaukumbuka mwaka 2006, wakati ukame ulipoteremsha kina cha maji katika bwawa la Mtera na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Tangu hapo vyanzo vimeongezeka. Gesi asilia imechukua sehemu kubwa ya kazi, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024.

Hata hivyo, wingi wa umeme hauzuii mti kuangukia waya wala transfoma kuungua. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi, na hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaguswa. Hakuna gridi duniani isiyokatika kamwe.

Kwa mwenye nyumba, la muhimu ni kutofautisha aina mbili za kukatika. Ipo ile ya dakika chache, ambayo hatari yake ni kupoteza kazi iliyo katika kompyuta na kuharibu vyombo kwa mshtuko wa umeme unaporudi. Na ipo ile ya saa nyingi, ambayo hatari yake ni giza lenyewe: mwanafunzi asiyeweza kujisomea, simu zilizozimika, taarifa zisizofika. Kifaa kinachofaa kwa aina ya kwanza hakifai kwa aina ya pili, na fedha nyingi hupotea kwa kutojua tofauti hiyo.

Ndani ya ghala

Betri iliyo katika visanduku vingi vya nyumbani ni ya risasi na asidi, na ni ya kale kuliko balbu ya umeme itumikayo majumbani. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza ya kwanza mwaka 1859. Mwenzake Camille Faure akaiboresha mwaka 1881 kwa kupaka mabamba rojo la oksidi ya risasi, na hapo ikawezekana kuitengeneza viwandani.

Betri ya volti 12 ni seli sita zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo. Katika kila seli mna bamba hasi la risasi, bamba chanya la dioksidi ya risasi, na kati yake asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hubadilika kuwa kitu kimoja, yaani salfeti ya risasi, na asidi hugeuka kuwa maji:

Pb + PbO2 + 2H2SO4 → 2PbSO4 + 2H2O

Inapochajiwa, mshale hugeuka: salfeti huyeyuka, asidi hurudi katika maji, na mabamba hurejea hali yake ya awali.

Mlingano huo mfupi unaeleza mambo mengi. Kwanza, betri haizalishi umeme. Inarudisha ulioingizwa, tena kwa kupunguza kidogo. Ni ghala, si shamba. Pili, asidi hupungua kadiri betri inavyotumika, na kwa hiyo densiti ya kimiminika huonyesha hali ya ghala. Katika betri iliyojaa densiti hukaribia gramu 1.27 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Katika betri tupu hushuka hadi karibu 1.12. Mafundi wa magari huipima kwa haidromita.

Kwa betri zilizofungwa kabisa, ambazo ndizo hukaa ndani ya visanduku vya nyumbani, kipimo ni volti. Betri iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa huonyesha volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na 11.8 au chini ya hapo ikiwa tupu. Msomaji atazame vizuri: kati ya kujaa na kwisha kuna tofauti ya volti moja tu. Anayengoja hadi taa zififie ndipo aamini kwamba betri imekwisha, amechelewa sana.

Dumuzi mwenyewe

Salfeti ya risasi ndiyo dumuzi wa betri. Inapozaliwa huwa chembe laini ndogo ndogo ambazo mkondo wa kuchaji huziyeyusha bila taabu. Ikiachwa siku kadhaa, chembe hizo hukua na kuwa fuwele ngumu, zisizopitisha umeme vizuri wala kuyeyuka kwa urahisi. Kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo ni sehemu ya ghala iliyopotea. Betri huonekana nzima, tena hujaa upesi kuliko zamani, na mwenyewe hufurahi. Lakini kinachojaa upesi ni kibaba. Debe limekwisha kuliwa.

Tabia tatu humlisha dumuzi huyu.

Ya kwanza ni kuikausha betri. Familia huendelea kutazama televisheni mpaka kisanduku kinapozima chenyewe. Betri inayotumiwa nusu tu ya uwezo wake kisha ikajazwa huweza kurudia kazi hiyo mara mia kadhaa. Ile inayokaushwa kila mara huishi sehemu ndogo ya umri huo. Betri ya gari huumia zaidi, kwa kuwa mabamba yake ni membamba na yamesanifiwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, siyo mkondo mdogo kwa saa nyingi. Wanaonunua betri ya gari kwa ajili ya taa za nyumbani kwa kuwa ni rahisi, huinunua mara mbili.

Ya pili ni kutoijaza, na hii ndiyo husahaulika zaidi. Kuchaji huenda kwa awamu. Awamu ya mwanzo hurudisha kama asilimia 80 ya akiba kwa saa chache, chaja ikipandisha volti hadi karibu 14.4. Kinachobaki huingia kwa mkondo mdogo unaozidi kupungua, na chaweza kuchukua saa nyingine kadhaa. Wakati wa mgao, umeme ukirudi kwa saa nne tu kila siku, betri hupata awamu ya kwanza na kukosa ya pili. Leo hubaki na upungufu kidogo, kesho kidogo, na upungufu huo ndio hugeuka fuwele. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia. Nyumba iliyo katika mgao mkali haina budi kupunguza matumizi, ili saa chache za umeme zitoshe kuijaza betri hadi mwisho angalau mara moja kila juma.

Ya tatu ni joto. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu, kwa sababu kemia inayoozesha mabamba huenda mbio zaidi katika joto. Betri iliyosanifiwa kuishi miaka mitano itaishi kama miaka miwili na nusu ikikaa katika nyuzi 35. Kwa hiyo haifai kuwekwa nyuma ya jokofu, katika kabati lisilo na hewa, wala stoo iliyoezekwa bati bila dari. Mahali pake ni sakafuni penye kivuli na hewa ipitayo.

Kuna pia betri inayooza bila kutumiwa kabisa. Kisanduku kikihifadhiwa kabatini, betri hupoteza asilimia chache ya akiba yake kila mwezi, na katika joto hupoteza zaidi. Anayekinunua kifaa hicho wakati wa mgao, akakifungia mgao ulipokwisha, asistaajabu kukikuta kimekufa mgao mwingine ukija. Yafaa kukichomeka na kukijaza kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kati ya betri na soketi

Betri hutoa mkondo uendao upande mmoja, kwa volti 12. Vyombo vya nyumbani vimetengenezwa kwa mkondo geu wa volti 230, unaobadili mwelekeo wake na kurudi mara 50 kila sekunde. Kifaa kinachogeuza mkondo wa kwanza kuwa wa pili huitwa inveta. Kazi hiyo haifanyiki bure: katika kila wati-saa 100 zinazotoka kwenye betri, 80 hadi 90 tu hufika kwenye chombo, na zilizobaki huwa joto.

Kisanduku ambacho wauzaji hukiita UPS ni inveta ndogo, chaja na betri vilivyofungwa pamoja, na swichi inayohama yenyewe. Duru moja ya umeme wa gridi huchukua sekunde 0.02. Kompyuta ya mezani ina kapasita zinazoweza kuishikilia kwa muda unaokaribia huo bila umeme wowote. UPS nzuri huhamia kwenye betri ndani ya sekunde 0.01 au chini yake, na kompyuta haitambui. Inveta kubwa za kuwashia nyumba nzima aghalabu ni nzito kuhama; taa hupepesa tu, lakini kompyuta huzimika. Ndiyo maana ofisi nyingi zenye inveta kubwa bado huweka UPS ndogo mbele ya kompyuta.

Jambo lingine ni umbo la wimbi. Umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa wimbi laini. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi. Taa na chaja nyingi za simu hulivumilia wimbi hilo. Lakini mota ya feni au ya jokofu hunguruma, hupata joto na huchakaa mapema. Anayekusudia kuendesha mota hana budi kutafuta inveta ya wimbi laini.

Mnunuzi asidanganywe pia na namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha. UPS ya volti-ampea 650 haibebi wati 650. Katika mkondo geu, si kila zao la volti na ampea hufanya kazi, na kifaa cha kiwango hicho aghalabu hubeba wati 360 hadi 400. Zaidi ya hayo, namba hiyo inaeleza mzigo ambao kisanduku chaweza kubeba, wala haisemi lolote kuhusu muda. Muda hukaa ndani ya betri.

Ndani ya UPS ndogo mara nyingi mna betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikitumia wati 100, mtu angetarajia dakika 50. Kwa kweli atapata kama dakika 20, tena betri ikiwa mpya. Sehemu ya nishati imepotea kwenye inveta. Sehemu nyingine imekwama ndani ya betri yenyewe, kwa kuwa betri ya risasi inayokamuliwa haraka hutoa kidogo kuliko ile inayokamuliwa taratibu. Sheria hiyo ilielezwa kwa hesabu na Mjerumani Wilhelm Peukert mwaka 1897. Namba 7 iliyoandikwa ubavuni ni ahadi ya betri itakayomwagwa pole pole kwa saa 20. Dakika 20 zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu, na hilo ndilo kusudi la UPS ndogo. Anayeitumia kutazama mpira wa dakika 90 anaikausha kila juma.

Hesabu kabla ya duka

Na ichukuliwe nyumba moja ya kawaida inayotaka mwanga na mawasiliano tangu saa moja usiku hadi saa tano, yaani saa nne. Mahitaji yake ni haya:

Taa 4 za LED, wati 7 kila moja, kwa saa 4: wati-saa 112.
Televisheni moja ndogo ya wati 40, kwa saa 3: wati-saa 120.
Kompyuta moja ya mapajani ya wati 50, kwa saa 2: wati-saa 100.
Ruta ya intaneti ya wati 10, kwa saa 4: wati-saa 40.
Simu 3, kila moja ikihitaji wati-saa 15 kujaa: wati-saa 45.

Jumla ni wati-saa 417. Inveta ikifikisha asilimia 85 ya inachopokea, betri itatakiwa kutoa 417 ÷ 0.85, yaani wati-saa 491. Kwa kuwa betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, ghala lazima liwe na mara mbili ya hizo: wati-saa 982. Zikigawanywa kwa volti 12, jibu ni ampea-saa 82. Betri ya ampea-saa 100 yatosha, na ziada kidogo hubaki kwa ajili ya uzee wake.

Sasa familia hiyo hiyo iongeze pasi ya wati 1,000. Mkondo utakaotoka kwenye betri ni 1,000 ÷ 0.85 ÷ 12, yaani ampea 98. Kwa kasi hiyo, akiba iliyotosha jioni nzima haimalizi hata saa moja, waya hupata moto, na mabamba huumia. Hesabu hutoa uamuzi bila mabishano: chochote kinachopasha joto, iwe pasi, birika au jiko, hakina nafasi kwenye betri ya nyumbani. Jokofu nalo lipimwe kwa uangalifu, kwani mota yake inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Kukatika kwa saa chache, mlango wa jokofu ukibaki umefungwa, baridi iliyomo ndiyo akiba yake.

Njia rahisi ya kukuza ghala ni kupunguza walaji. Balbu nne za zamani za wati 60 zingekula wati-saa 960 katika saa hizo nne. Taa za LED zinakula 112. Vilevile, ruta nyingi hutumia mkondo wa upande mmoja wa volti 12. Kuzilisha kupitia inveta ni kupandisha volti hadi 230 ili chaja izishushe tena hadi 12, na njiani kuna upotevu mara mbili. Visanduku vidogo vinavyotoa volti 12 moja kwa moja huepusha upotevu huo, na kwa ruta peke yake vinatosha.

Betri za lithiamu

Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozizaa. Ile inayofaa zaidi nyumbani ni ya fosfeti ya chuma na lithiamu. Haina salfeti, kwa hiyo haina dumuzi yule. Huvumilia kutojazwa, huweza kutumiwa asilimia 80 au zaidi, na hurudia kazi hiyo mara elfu kadhaa. Kwa nyumba ya mfano uliotangulia, betri ya aina hiyo yenye ampea-saa 50 ingelingana na ya risasi yenye 100.

Bei yake ya kununulia ni kubwa, lakini bei ya kweli hupatikana kwa kugawa fedha zilizolipwa kwa idadi ya jioni zitakazohudumiwa. Mwanafunzi afanye hesabu hiyo kwa bei za dukani kwao. Sharti ni moja: betri ya lithiamu ichajiwe kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, na iwe na saketi ya ulinzi ndani. Ikichajiwa kupita kiasi au ikitobolewa yaweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuzima.

Hatari zisizoonekana

Volti 12 haziui kwa kuguswa, na hapo ndipo uzembe huanzia. Spana ikiangukia vichwa vyote viwili vya betri kubwa, mkondo wa mamia ya ampea hupita, chuma hubadilika rangi kwa joto, na pete ya kidoleni huweza kukata nyama. Fyuzi karibu na betri na waya mnene ni ulinzi wa lazima.

Betri ya risasi inapochajiwa sana hutoa gesi ya hidrojeni, isiyo na rangi wala harufu. Ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Betri isilazwe chumbani kwa watoto, wala isichunguzwe kwa kiberiti. Asidi ikimrukia mtu, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Lakini hatari mbaya kuliko zote humwangukia mtu asiyekuwemo nyumbani. Wapo wanaochomeka inveta au jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme huo husambaa nyumbani, hupita kwenye mita, na ukifika kwenye transfoma ya mtaani hupandishwa hadi maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo, akiamini waya hauna umeme, hufa. Inveta ya nyumba nzima haina budi kufungwa kwa swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

Betri iliyokufa

Betri ya risasi haina mwisho siku inapokufa. Risasi iliyomo huweza kuyeyushwa na kutumika tena karibu yote, na kwa sababu hiyo betri chakavu ina thamani. Thamani hiyo ndiyo huvuta watu kuipasua nyuma ya nyumba, kumwaga asidi shimoni na kuyeyusha mabamba kwa moto wa mkaa, ama kwa kuuza, ama kwa kutengeneza chubwi za nyavu.

Matokeo yake yalionekana Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, wakazi waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri chakavu, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji ya kiwanda yalitia risasi katika udongo, na watoto wakakutwa nayo katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza wanakijiji kudai haki; mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Risasi huingia mwilini kwa vumbi na kwa vidole vya mtoto vinavyopelekwa kinywani. Huvuruga ukuaji wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Betri chakavu irudishwe nzima kwa muuzaji wa betri au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Kamwe isipasuliwe nyumbani.

Jaribio la darasani

Uwezo wa betri hausomwi ubavuni, hupimwa. Darasa lenye voltimita, amita, saa, fyuzi ya ampea 5 na balbu ya gari ya volti 12 na wati 21 laweza kuipima betri ya UPS ya ampea-saa 7, mwalimu akisimamia.

Betri ijazwe kabisa, ipumzike saa kadhaa, kisha volti zake ziandikwe. Balbu iunganishwe kupitia fyuzi na amita. Mkondo utakuwa kama ampea 1.75. Glasi ya balbu huwa ya moto sana, kwa hiyo isiguswe wala isiwekwe karibu na karatasi. Kila dakika 10 wanafunzi waandike volti na ampea. Volti zikishuka hadi 10.5, balbu iondolewe mara moja, na betri ichajiwe siku hiyo hiyo.

Mkondo wa wastani ukizidishwa kwa saa zilizopita hutoa ampea-saa halisi. Betri nzima itaiwasha balbu kwa saa tatu na zaidi. Iliyoliwa na fuwele haitafikisha saa moja. Grafu ya volti kwa muda itaonyesha mstari unaoshuka kwa upole, kisha, karibu na mwisho, unaporomoka kama gema. Wanafunzi wajadili: kwa nini ampea-saa zilizopatikana ni pungufu ya 7 hata kwa betri mpya? Balbu ya wati 5 ingetoa jibu gani? Na katika nyumba zao wenyewe, jioni ya umeme kukatika, ni chombo gani kingezimwa kwanza ili daftari lipate mwanga hadi saa tano?

Swali hilo la mwisho halijibiwi na muuzaji. Mkulima mwema hupima mavuno, huhesabu walaji, hukausha nafaka yake na kulikagua ghala kabla dumuzi hajaingia. Akiba ya umeme nayo yataka utunzaji huo huo.